Mapele ngozi, homa ya siku tatu, BVD na ugonjwa wa nyumbu: hela ya kinga uiweke wapi kwanza?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Nina hela ya chanjo moja tu mwaka huu, niambie nichanje ipi."

Ilikuwa Januari, masika bado. Mama huyu anafuga ng'ombe watatu wa maziwa Machame, kwenye banda la mbao katikati ya migomba. Majani anakata mwenyewe, ng'ombe hawatoki nje. Jirani alishamwambia achanje mapele ngozi. Shemeji yake wa Simanjiro alimwambia kinachomaliza ng'ombe ni ugonjwa wa nyumbu. Kijana wa duka la dawa za mifugo akamtajia herufi tatu, BVD, ambazo hakuwahi kuzisikia. Wote watatu walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia zizi lake.

Swali la mama huyu naulizwa kila msimu, na wanaouliza wana haki ya kuchanganyikiwa. Ndigana, kimeta, chambavu, miguu na midomo, hayo kila mfugaji anayajua na mengi yana utaratibu wake. Haya manne ninayolinganisha hapa yanajulikana kidogo, moja halina hata jina la Kiswahili lililoshika, na yote yanaletwa na virusi. Homa ya Bonde la Ufa nimeiacha kwa makusudi. Ile inaua na watu, na ikizuka hakuna cha kuchagua: unatoa taarifa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja linalohusu yote manne, nilimalize hapa hapa. Hakuna antibiotiki inayoua kirusi. Sindano ya oksitetra inaweza kuzuia nimonia inayodandia juu ya ugonjwa, au kuzuia vidonda visioze, na hapo ina kazi yake. Lakini mfugaji anayelipa sindano tatu kwa ng'ombe mwenye homa ya siku tatu, kisha akaona amepona, amelipia kupona ambako kungekuja kwenyewe.

Vigezo vya kulinganisha

Kila ugonjwa nitaupima kwa maswali yale yale: unaingiaje zizini, unauonaje, unakugharimu nini, unathibitishwaje, kinga yake ni ipi na inapatikana kiasi gani, na unamhusu mfugaji gani.

Kwangu swali la kwanza ndilo zito kuliko mengine. Watu huanza na "upi unaua zaidi?" na ndipo wanapopotea. Ugonjwa unaoua tisa kati ya kumi hauna uzito kwako kama hauna njia ya kukufikia. Na ule ambao hauui hata mmoja unaweza kuwa ndio unaokunywa maziwa yako mwaka wa tatu sasa.

Mapele ngozi

Unaingiaje. Kwa mdomo wa mdudu. Nzi wanaouma wa mazizini, mbu na baadhi ya kupe huchafuka mdomo kwa mgonjwa mmoja na kuhamishia kwa mwingine, sawa na sindano isiyobadilishwa. Hiyo ni safari fupi, ya zizi hadi zizi. Safari ndefu hufanywa na lori la mnadani. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, Kenya ukaonekana 1957, na kwa miongo mingi ukahesabiwa kuwa wa Afrika tu. Leo umeshapita Mashariki ya Kati, umeingia nchi za Balkani, India na China.

Unauonaje. Homa ya nyuzi 40 hadi 41, machozi, maziwa kushuka, na tezi za mbele ya bega kuvimba hadi unaziona ukiwa umesimama mlangoni. Kisha mapele magumu ya duara, ya sentimita 2 hadi 5, shingoni, mgongoni, kwenye kiwele, miguuni. Lishike pele kwa vidole viwili. La kweli limeshika unene wote wa ngozi, ukilisukuma linasogea na ngozi yake. Baada ya wiki kadhaa katikati yake panakufa na kuwa kama kizibo kigumu, kizibo kinadondoka, linabaki shimo ambalo nzi wanalitaka.

Kuna virusi vingine, vya jamii ya hepesi, vinavyoleta mapele yanayofanana na haya. Hayo hukaa juu juu ya ngozi, hayaendi ndani, na hupona ndani ya wiki mbili hivi bila kuacha shimo. Mapele ya mzio nayo huja ghafla na kutoweka kwa siku moja au mbili. Nayataja kwa sababu nimeona watu wakiuza ng'ombe kwa bei ya hasara kwa ajili ya mapele ambayo yangekwisha yenyewe.

Unakugharimu nini. Vifo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 5. Hasara kubwa iko kwa waliobaki: maziwa yanakatika, kiwele chenye mapele kinaingiwa na ugonjwa wa kiwele, wenye mimba wengine wanatupa, dume linashindwa kazi kwa muda, na ngozi haiuziki tena. Ng'ombe wa kigeni na chotara wenye ngozi laini huumia kuliko zebu, ng'ombe wetu wa asili.

Unathibitishwaje. Aliyejaa mapele mwili mzima daktari mzoefu humtambua kwa macho. Mwenye matano tu ni wa kupimwa: gamba au kipande cha pele hupelekwa maabara, kwa Tanzania ni Wakala wa Maabara ya Veterinari wenye makao Temeke na vituo vya kanda, kwa Kenya ni Kabete. Kumbuka pia kwamba wengi wanaoambukizwa hawatoi mapele kabisa. Kuhesabu wenye mapele si kuhesabu walioambukizwa.

Kinga. Ipo, na kati ya magonjwa haya manne hii ndiyo chanjo iliyo rahisi kupatikana. Ni chanjo hai, huchomwa kila mwaka, na huhitaji kama wiki tatu kabla kinga haijakamilika, kwa hiyo kuchanja ugonjwa ukiwa tayari kwa jirani ni kukimbizana nao. Taasisi ya KEVEVAPI ya Kenya hutengeneza moja iitwayo Lumpivax. Chanjo nyingi za ugonjwa huu zimetokana na mbegu ya virusi ya Afrika Kusini iitwayo Neethling. Muulize daktari chupa aliyoshika ni ya mbegu gani. Kuna mbegu ya zamani iliyochukuliwa kwa kondoo nchini Kenya na kudhaniwa miaka mingi kuwa ya ndui ya kondoo na mbuzi. Ilipochunguzwa ilikutwa ni virusi vya mapele ngozi vyenyewe, na makali yake hayakupunguzwa vya kutosha kwa ng'ombe wa kigeni. Mfugaji wa friziani ana kila sababu ya kuuliza.

Baada ya chanjo, ng'ombe wachache huvimba pale palipochomwa, wengine hutoa vipele vidogo na kupunguza maziwa siku chache. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni chanjo hai iliyokufa. Nimeona kwa macho yangu chupa ikitolewa mfuko wa shati saa saba mchana, imeshachanganywa tangu asubuhi. Wale ng'ombe waliandikwa kwenye daftari kuwa wamechanjwa. Chupa itoke kwenye barafu, ichanganywe mbele yako, itumike ndani ya saa chache kama karatasi yake inavyosema, na sindano isisafishwe kwa spiriti, maana spiriti inaua chanjo kama inavyoua vijidudu.

Unamhusu nani. Karibu kila mfugaji wa Afrika Mashariki, na zaidi mwenye ng'ombe wa maziwa karibu na bonde lenye maji au karibu na njia ya kwenda mnadani.

Homa ya siku tatu

Inaingiaje. Kwa mbu na usubi. Haiambukizwi kwa kugusana wala kulamba, kwa hiyo kumtenga mgonjwa hakuzuii kitu. Hufuata mvua: masika yakizidi, unasikia kijiji kizima kina ng'ombe waliolala wiki moja.

Unaionaje. Ghafla. Asubuhi amekamuliwa vizuri, jioni hali, homa 41, anatetemeka, mate yanadondoka, anachechemea mguu wa mbele. Kesho anachechemea mguu mwingine. Kuchechemea kunakohama ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Siku ya pili amelala, shingo ameigeuzia ubavuni kama aliyezaa na kuishiwa kalsiamu. Siku ya tatu wengi wanasimama wenyewe na kuomba majani.

Inakugharimu nini. Kwa hesabu ya vifo ni ndogo, mmoja au wawili kwa mia. Lakini inachagua vibaya. Inawapiga zaidi wazito na wazuri: fahali, wenye mimba kubwa, wenye maziwa mengi. Maziwa hushuka kwa nusu au zaidi katika siku hizo, na aliyekuwa anaelekea mwisho wa ukamuaji huenda asirudi kwenye lita zake hadi azae tena.

Nusu ya vifo nilivyovikuta mimi vilisababishwa na huduma. Mzee mmoja aliniita akiwa amekata tamaa. Ng'ombe wake alikuwa amelala siku ya pili, naye kwa huruma alikuwa amemnywesha chupa nzima ya maji ya magadi na mafuta ili apate nguvu. Nilimkuta ng'ombe anakoroma, povu jeupe puani. Katika homa hii koo hulegea, ng'ombe hamezi sawasawa, na ukimmiminia kitu kinashuka mapafuni. Alikufa siku ya tano kwa nimonia. Homa yenyewe ilikuwa imeshamwacha. Mzee aliniuliza kama angemwacha tu angepona, na sikuwa na jibu jingine la kumpa zaidi ya lile la kweli.

Kwa hiyo: usimnyweshe chochote kwa nguvu. Mtafutie kivuli, mtandikie majani makavu, mgeuze ubavu kila baada ya saa chache, mwekee maji mahali ambapo mdomo unafika bila kusimama. Daktari anaweza kumchoma dawa ya kushusha homa na maumivu, na kalsiamu kama dalili zinaidai.

Inathibitishwaje. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu ili virusi vitafutwe, au zichukuliwe sampuli mbili, ya pili wiki mbili au tatu baadaye, zionyeshe kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, zimepanda. Kwa mfugaji mdogo, mara nyingi majibu hurudi ng'ombe ameshapona. Kipimo kina maana zaidi kwa kijiji au wilaya kuliko kwa ng'ombe mmoja.

Kinga. Chanjo hutengenezwa katika nchi kama Australia, Afrika Kusini na Japani. Usitegemee kuikuta dukani kwetu. Anayeugua na kupona huwa na kinga ya muda mrefu. Kinachobaki ni kupunguza wadudu: kufukia madimbwi ya samadi, moshi jioni, dawa ya kupaka.

Inamhusu nani. Mwenye ng'ombe wa lita nyingi au fahali wa gharama, sehemu zenye maji. Mwenye zebu waliokomaa hapa hapa anaweza kuiweka mwisho wa orodha.

BVD

Kwa hili nitakaa kidogo, maana ndilo linalofichika zaidi. Halina jina la Kiswahili lililozoeleka, watu wa maabara husema BVD tu. Herufi hizo ni za Kiingereza, bovine viral diarrhoea, yaani kuhara kwa ng'ombe kunakoletwa na virusi, na zimepotosha wengi, kwa sababu ng'ombe wengi walioambukizwa hawahari kabisa. Ulielezwa kwanza jimbo la New York mwaka 1946. Usidhani kwa hiyo ni wa Ulaya na Marekani tu: kingamwili zake zimekutwa kwa ng'ombe wa Tanzania na Kenya, na mwaka 1967 kirusi cha ukoo huo kilitolewa kwa twiga huko Nanyuki.

Unaingiaje. Unaingia na ng'ombe uliyemnunua kwa hela yako mwenyewe. Hapa hakuna mdudu wa kulaumu. Fuatilia njia yake taratibu, kwani ukiielewa umeelewa ugonjwa mzima. Mtamba asiye na kinga akikutana na virusi katika miezi kama minne ya kwanza ya mimba, ndama anaambukizwa tumboni kabla mwili wake haujajifunza kutofautisha kilicho chake na cha mgeni. Mwili unavihesabu virusi kuwa sehemu yake. Hautengenezi kingamwili. Ndama huyo akizaliwa hai, atavimwaga maisha yake yote, kwenye mate, makamasi, maziwa, kinyesi, na akiwa dume, kwenye shahawa. Huyo ndiye mbebaji wa kudumu. Wengine karibu wote wanaougua BVD hupona na kunyamaza, yeye hanyamazi. Na akija kuzaa, ndama wake naye huwa mbebaji.

Mtego wake uko kwenye mtamba mwenye mimba. Unaweza kumpima yeye, ukamkuta safi kabisa, huku tumboni amebeba mbebaji.

Unauonaje. Mara nyingi huoni. Unaona vitu vinavyofanana na bahati mbaya: ng'ombe anarudia joto baada ya uhimilishaji, mwingine anatupa mimba, ndama anazaliwa kipofu au hawezi kusimama sawa, nimonia na kuhara haviishi kwa ndama wa rika moja, maana virusi hivi hudhoofisha kinga ya mwili. Mfugaji analaumu mbegu, analaumu mhimilishaji, anabadilisha chakula.

Niliwahi kusimama kwenye banda lenye ndama wawili waliozaliwa wiki moja, miezi kumi kabla. Mmoja alikuwa na kifua kipana na manyoya yanayong'aa. Wa pili alifika kiunoni mwa mwenzake, manyoya marefu yamesimama, uso bado wa ndama wa miezi minne. Mwenye banda alimwonea huruma sana huyo mdogo. Alimwongezea maziwa, na usiku alimlaza katikati ya mitamba wenye mimba ili apate joto. Tulikata kipande kidogo cha sikio, tukarudia baada ya wiki nne, mara zote mbili virusi vikaonekana. Miaka miwili ya mimba kupotea ilikuwa imelala pale katikati ya mitamba, inaonewa huruma. Lakini usisubiri kuona ndama aliyedumaa: wabebaji wengine wana afya njema na umbo zuri, na hao ndio huuzwa kwa bei ya juu.

Unakugharimu nini. Vifo vya ghafla ni vichache. Wabebaji wengi hufa kabla ya miaka miwili, wengine kwa kuhara kukali na vidonda mdomoni pale virusi vyao vinapobadilika. Gharama yenyewe ni miezi: kila mimba iliyopotea ni miezi ya kulisha ng'ombe asiyekamuliwa.

Unathibitishwaje. Omba kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, kwa kipande cha sikio. Kipimo cha kingamwili peke yake humpitisha mbebaji, kwa sababu hana kingamwili. Akionekana navyo, rudia baada ya wiki tatu au nne, kwani ng'ombe mwenye maambukizi ya kupita anaweza kuonekana navyo siku ya kwanza tu. Na kabla ya kufika huku, pima kwanza ugonjwa wa kutupa mimba ule unaojulikana, brusela, maana huo unaambukiza na familia yako.

Kinga. Chanjo zipo duniani, na hutolewa kabla ya kupandisha ili kumlinda ndama tumboni. Hazimponyi mbebaji. Kwa mfugaji wa hapa naiona njia ya kutafuta na kuondoa kuwa na faida zaidi. Norwei, Uswidi, Ufini na Denmaki zilifika mbali kwa kupima na kuondoa wabebaji bila kutegemea chanjo. Uswisi ilianza kupima ng'ombe wote 2008. Ireland iliweka sheria ya kupima kila ndama anayezaliwa kuanzia 2013. Mbebaji akipatikana, mwisho wake ni machinjoni. Virusi hivi haviambukizi watu. Kumpeleka mnadani auzwe kwa kufugwa ni kumpelekea mwenzako miaka miwili kama ile ya yule mwenye banda.

Unamhusu nani. Anayenunua mitamba, shamba la ng'ombe ishirini na kuendelea, vikundi vya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na wanaotumia dume moja la kijiji. Aliyefunga zizi, hanunui, na anatumia mbegu zilizopimwa, anaweza kulala.

Ugonjwa wa nyumbu

Unaingiaje. Malishoni. Nyumbu hubeba kirusi hiki bila kuugua. Ndama wa nyumbu, katika miezi yao ya kwanza, hukimwaga kwenye makamasi na machozi, na ng'ombe anayelisha nyuma yao anakipata. Nyumbu wa Serengeti huzaa kwa wingi Februari, upande wa kusini kuelekea Ndutu. Wale wa Tarangire huzalia kwenye mbuga za Simanjiro. Ng'ombe aliyeugua hamwambukizi mwenzake. Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, ndio waliokitenga kirusi hiki na kukitangaza mwaka 1960, ila wafugaji wa Kimaasai walikuwa wanawahamisha ng'ombe mbele ya nyumbu tangu zamani bila kuhitaji darubini.

Unauonaje. Wiki kadhaa au hata miezi baada ya kuchunga na nyumbu, ndiyo maana wageni hawaunganishi mambo. Homa kali, tezi zote zimevimba, makamasi mazito yanakauka na kuziba pua, mdomo una vidonda. Kisha macho. Yatazame kwa karibu: ukungu mweupe huanzia pembeni, kwenye mzunguko wa jicho, na kusogea kuelekea katikati, macho yote mawili. Ule ugonjwa wa kawaida wa macho huanza na kidonda katikati. Ndigana kali, ile ya kupe, nayo huvimbisha tezi na wakati mwingine hutia macho ukungu, kwa hiyo usihukumu kwa dalili moja.

Unakugharimu nini. Anayeonyesha dalili karibu hakika atakufa, zaidi ya asilimia 95. Hakuna dawa. Gharama ya pili haihesabiwi vitabuni: ili kukwepa, mfugaji anaondoka kwenye majani mazuri kuliko yote ya mwaka, mvua ikiwa imenyesha, na kwenda vilimani kwenye majani magumu na kupe wengi. Anailipa kila mwaka hata kama hakufa ng'ombe hata mmoja.

Unathibitishwaje. Damu au kipande cha tezi, maabara. Thamani ya kuthibitisha hapa ni moja kubwa: vidonda mdomoni, makamasi na kuhara ndivyo sotoka, ile tauni ya ng'ombe ya zamani, ilivyokuwa. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na mara ya mwisho ilionekana kwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Ugonjwa wenye sura hiyo usipite bila taarifa.

Kinga. Chanjo imejaribiwa kaskazini mwa Tanzania na kuonyesha kinga isiyo kamili. Kinga halisi ni umbali na saa. Jua na ukavu huua kirusi hiki haraka, kwa hiyo umande wa asubuhi ni hatari kuliko mchana. Asiyeweza kuhama na achelewe kufungulia.

Unamhusu nani. Wafugaji wa Ngorongoro, Simanjiro, Loliondo, na upande wa Kenya Narok na Kajiado. Kondoo nao wana kirusi cha ukoo huo, chenye uwezo wa kuleta ugonjwa kama huu kwa ng'ombe, hivyo aliye mbali na nyumbu asishangae kabisa akiambiwa jina hili.

Kwa hali yako

Ng'ombe wachache wa banda, hununui, hawatoki: hela ya kwanza iende mapele ngozi, kabla ya mvua. Ya pili iende kupunguza mbu na usubi. BVD na nyumbu viache.

Uko mbioni kununua mitamba: kabla ya chanjo yoyote, lipia kipimo cha sikio, na uwatenge wageni siku 28, muda unaotosha kuona kama wamebeba mapele ngozi pia. Ukinunua mwenye mimba, ndama naye apimwe akizaliwa, kabla hajachanganywa na wengine.

Una shamba la maziwa na mimba hazishiki mwaka wa pili: brusela kwanza, BVD pili, ndipo uzungumze na mhimilishaji. Chanjo ya mapele iendelee kila mwaka bila kukatizwa.

Unachunga karibu na nyumbu: hela yako si ya chupa. Ni ya kukodi malisho, ya chumvi na maji kule unakohamia, na ya dawa ya kuogesha kwa sababu huko kuna kupe. Mapele ngozi yafuate baadaye, mkirudi.

Una fahali wa kupandisha au ng'ombe wa lita ishirini kwenye bonde la mpunga: homa ya siku tatu itakuumiza kuliko wengine. Weka namba ya daktari karibu kabla ya masika, na mfundishe kila anayelala nyumbani kwako, watoto pia, kwamba aliyelala hanyweshwi kwa chupa.

Huna hela kabisa mwaka huu: sindano iliyomchoma ng'ombe mmoja isimchome mwingine, mgeni asichanganywe hadi mwezi upite, na dume la jirani lisiingie bila kujua lilikotoka.

Yule mama wa Machame alichagua mapele ngozi, ila tukakwama kwingine. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko ng'ombe wake watatu, na ikishachanganywa haingoji kesho. Akazunguka mwenyewe jioni ile, nyumba kwa nyumba. Jumamosi saa moja asubuhi nilikuta kaya tisa zimefunga ng'ombe 24 kando ya njia, na ndoo ya barafu imeshaletwa kutoka kwa muuza samaki.